Ekra Nyeusi, Mashini Inawaka: Kutafuta Ugonjwa wa Kompyuta Kuukuu ya Mezani

Mteja akifika na kusema «mashini inawaka, ekra iko nyeusi tu», bado hajasema nani mgonjwa. Kati ya soketi ya ukutani na picha iliyo mbele ya macho kuna kebo mbili za umeme, kebo moja ya picha, kadi ya picha, RAM (kumbukumbu ya kazi ya mashini), ubao mama na Windows. Ndani ya ekra yenyewe kuna ubao wa umeme, taa za nyuma na kioo. Kimojawapo kikilegea, macho yanaona giza lile lile. Ndiyo maana mwenye sekretaria publiki (duka la kuchapa na kutoa nakala) jirani na Unilu, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wanafunzi wamempangia foleni na TFC zao, yaani kazi za kumalizia masomo, anakimbia kununua ekra nyingine ya okazio (iliyokwisha kutumika), anaichomeka, nayo inabaki nyeusi. Pesa imekwenda, ugonjwa umebaki kwenye bareti (kijiti) ya RAM.

Tunazungumzia mashini zinazokutwa sana hapa Lubumbashi: Dell OptiPlex, HP Compaq au Lenovo ThinkCentre za kati ya mwaka 2006 na 2014 hivi, zenye ekra bapa za inchi 17 au 19, nyingi zikiunganishwa kwa kebo ya VGA, ile ya plagi ya bluu. Tukisema «ekra» ni chombo kizima. Tukisema «kioo» ni ile sehemu ya mbele inayochora picha. Kama bado unatumia ekra ya kisogo kirefu kama televisheni ya zamani, angalia kebo na mipangilio tu, usiifungue. Bomba lake hufanya kazi kwa zaidi ya volti 20,000 na huweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa.

Mashahidi watatu kabla ya bisibisi

Usinunue kitu wala kufungua kitu kabla ya kuwauliza hawa watatu.

Wa kwanza ni menyu ya ekra yenyewe, ile inayotokea ukibonyeza vitufe vya chini au vya pembeni: mwanga, rangi, lugha. Menyu hiyo inachorwa na ekra, kompyuta haihusiki nayo kabisa. Kama picha ina mistari lakini menyu imekaa juu yake ikiwa safi, ekra haina kosa. Tafuta kwenye kebo au ndani ya mashini. Kama mistari inapita hata juu ya menyu, ekra ndiyo mgonjwa na kubadilisha kadi ya picha hakutasaidia. Ekra nyingine hazifungui menyu zikikosa picha. Kwa hizo, chomoa kebo ya picha huku ekra ikiwaka (kabla ya kuirudisha, chomoa kwanza umeme), na ujumbe wa «Pas de signal», yaani hakuna picha inayofika, utakaotokea utatoa ushahidi ule ule. Ujumbe ukionekana, basi ubao wa umeme, taa za nyuma na kioo ni vizima.

Wa pili ni BIOS, programu ya msingi ya ubao mama inayoamka kabla ya Windows. Washa mashini huku ukigonga F2 kwa Dell, F10 kwa HP Compaq, F1 kwa Lenovo. Hapo Windows haijaamka na dereva ya kadi ya picha (programu inayoiendesha) haijapakiwa. Picha ikiwa safi ndani ya BIOS na ikaharibika Windows inapofunguka, shida ni dereva au mipangilio. Ikiwa mbovu tangu BIOS huku menyu ya ekra ni safi, shida ni kebo, kadi au RAM. Usiondoke haraka: iache BIOS wazi dakika 20 au 30, kwa sababu kadi iliyochoka hujificha ikiwa baridi na kujitaja ikipata moto.

Wa tatu ni kitufe cha Verr Num (Num Lock) kwenye kibodi. Ekra ikiwa nyeusi, subiri dakika mbili kisha kibonyeze mara kadhaa. Taa yake ikiwaka na kuzima kwa kukufuata, mashini imeamka na inafanya kazi, picha tu ndiyo haifiki. Taa ikikwama, mashini yenyewe imesimama njiani.

Ekra haina hata taa ya kitufe

Chomeka kebo ya umeme ya mashini kwenye ekra, kwani zinafanana. Kisha chomeka moja kwa moja ukutani bila multiprizi (ubao wa soketi nyingi). Multiprizi iliyobeba miaka ya delestaji (mgao wa umeme) mara nyingi ina shaba iliyolegea ndani, na ukiitikisa utasikia mlio wa cheche. Hiyo hairekebishwi, inatupwa.

Kama kebo ni nzima na taa bado haiwaki, ndani kuna fyuzi ndogo, mara nyingi ya ampea 2 au 3.15 kwa volti 250. Fyuzi iliyokatika na kuwa nyeusi kwa moshi inaonyesha kwamba kitu mbele yake kimepiga shoti: daraja la dayodi au transista kubwa ya ubao wa umeme. Pima kwanza. Anayeziba nafasi ya fyuzi kwa uzi wa waya anaondoa kitu pekee kinachozuia ubao usishike moto.

Taa inapepesa, au ekra inachukua dakika nyingi kuamka

Huu ndio ugonjwa mkuu wa ekra za umri huu, na ndio unaotibika kwa gharama ndogo kuliko yote. Mwanzoni mtumiaji anabonyeza kitufe, ekra inasita, inawaka. Miezi ikipita inataka kubonyezwa mara tano. Kisha asubuhi moja ya Juni au Julai, baridi ya kiangazi chetu ikiwa imeingia hadi kwenye vyuma, haiwaki kabisa mpaka saa nne.

Sababu ni kapasita za ubao wa umeme, zile za umbo la kikopo. Ndani yake kuna majimaji ambayo joto huyakausha mwaka baada ya mwaka. Yakipungua, ukinzani wa ndani hupanda na kapasita hushindwa kutuliza umeme. Baridi huongeza ukinzani huo zaidi, ndiyo maana ekra hugoma asubuhi na kukubali mchana. Unaweza kulithibitisha hilo bila kufungua: chomoa ekra, puliza hewa ya moto kwa mashini ya saluni ya kukausha nywele kwenye matundu ya nyuma kwa dakika moja au mbili, kisha iwashe. Ikiamka mara moja, umepata jibu.

Kabla ya kufungua, chomoa na usubiri angalau dakika kumi. Kapasita kubwa ya upande wa umeme wa ukutani, yenye maandishi 400V au 450V, hujaa hadi volti 310 hivi, na ikiwa imebaki na chaji inaweza kukurusha. Pima volti za DC kwenye miguu yake. Zikizidi 10, itulize kwa balbu ya nyuzi ya 220V yenye waya mbili, wala usitumie bisibisi. Cheche ya bisibisi huchimba ubao na kuharibu vipande jirani.

Kapasita mbovu utazikuta upande wa pili, karibu na waya zinazoelekea kwenye ubao wa picha. Kapasita nzima ina kichwa bapa. Mbovu imevimba kichwani, au imeacha doa la kahawia miguuni. Zipo pia zenye kichwa bapa zilizokufa kimya, kwa hiyo ukishafungua badilisha zote za upande huo. Mara nyingi ni nne hadi saba, za 470, 680 au 1000 µF (maikrofaradi, kipimo cha ujazo wa kapasita), kwa volti 16 au 25.

Mbadala uwe na µF zile zile, volti sawa au zaidi, alama ya 105°C, na uwe wa aina ya ukinzani mdogo inayotengenezwa kwa ajili ya bao za umeme. Pima kipenyo na urefu, kwa sababu kapasita ndefu kuliko ya awali itazuia kifuniko kufunga. Usikubali zilizong’olewa kwenye redio na televisheni za zamani hata kama muuzaji anakuapia: umri wake ni sawa na wa zile unazozitoa. Mstari kwenye ganda unaonyesha mguu wa hasi. Kabla ya kung’oa, piga picha ubao kwa simu. Ukiweka kapasita kinyume, itapasuka.

Risasi ya kulehemu iliyotumika kwenye ekra nyingi za baada ya 2006 haina madini ya risasi, inayeyuka karibu na nyuzi 217, na chuma dhaifu cha kulehemu kitahangaika nayo. Ongeza tone la ile ya kawaida, inayoyeyuka kwa nyuzi 183. Zikichanganyika, mguu hutoka bila kung’oa njia ya shaba.

Picha inatokea sekunde mbili, kisha giza, lakini taa ya kitufe bado inawaka

Zima taa ya chumba, washa tochi ya simu, imulike ekra kwa pembeni. Ukiona Windows kwa ukungu, maandishi yakisomeka kwa shida, kioo kinachora kama kawaida. Kilichokufa ni mwanga wa nyuma.

Ekra za miaka hiyo nyingi hutumia taa nyembamba za gesi, mara nyingi nne: mbili juu, mbili chini. Ubao wa umeme huzipa mamia ya volti, na ukigundua taa moja haivuti umeme sawasawa, unazima zote ndani ya sekunde moja au mbili. Kama kabla ya kuzima, hasa ekra ikiwa baridi, rangi ilikuwa ya waridi au kahawia, taa zimechakaa. Kama ilikuwa nyeupe safi hadi mwisho, shuku kapasita tulizozitaja au lehemu iliyopasuka kwenye transfoma za taa. Ziguse upya zote kwa chuma cha kulehemu kabla ya kukata tamaa.

Kubadilisha taa zenyewe kunahitaji kufungua kioo tabaka kwa tabaka, na chembe moja ya vumbi ikiingia utaiona maisha yote ya ekra. Taa hizo pia zina zebaki, zikivunjika fungua madirisha na usizoe kwa mkono mtupu. Kwa ushauri wetu, taa zikiwa zimechoka kweli, hapo ndipo pesa ya ekra nyingine ya okazio inapokuwa na maana.

«Pas de signal», feni inazunguka

Anza nyuma ya mashini. Kuna tundu la picha kwenye safu moja na matundu ya kibodi na mtandao, hilo ni la ubao mama. Kama kuna jingine chini, kwenye kadi iliyochomekwa, chomeka huko. Kwenye mashini nyingi, kadi ikiwepo tundu la ubao mama huzimwa. Fundi anayesafisha na kurudisha kebo kwenye tundu lisilo lake anaweza kupoteza siku nzima hapo.

Ikiwa tundu ni sahihi, chomoa umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde kumi ili mabaki ya chaji yaishe, fungua ubavu, toa bareti zote za RAM. Miguu yake ya dhahabu ifute kwa kifutio cheupe cha shule, polepole, kisha kwa kitambaa chenye spiriti. Puliza nafasi yake. Rudisha bareti moja tu, isukume mpaka vibano vya pembeni vijifunge vyenyewe, washa. Haikuwaka, ihamishie nafasi nyingine. Kisha jaribu bareti ya pili peke yake. Kama kuna kazi moja tu ya kujifunza kwenye mashini kuukuu, ni hii.

Sikiliza milio. Kwa BIOS nyingi za aina ya Award, mlio mmoja mrefu na mifupi miwili ni kadi ya picha, na mrefu unaojirudia bila kukoma ni RAM. Dell OptiPlex na HP zina taa za mbele zinazopepesa au kubadilika rangi, na maana yake imo kwenye kitabu cha modeli husika.

Betri ya CR2032 ina volti 3 ikiwa mpya. Ikishuka chini ya 2.7 saa inarudi nyuma, mipangilio inapotea, na kuna bao zinazokwama. Itoe kwa dakika tano huku umeme umechomolewa, kisha weka mpya. Baada ya hapo pima umeme wa ndani: waya wa njano uwe kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25. Chini ya hapo feni inaweza kuzunguka vizuri huku prosesa haiamki, na mtumiaji ataendelea kulaumu ekra. Angalia pia kapasita zilizozunguka prosesa: mashini za katikati ya miaka ya 2000 zinajulikana kwa kapasita zinazovimba kabla ya wakati.

Kila kitu kimekuwa cha njano, au cha zambarau

Hapa kebo ya VGA inasema yenyewe wapi pa kutazama. Ina nafasi 15 za pini: ya 1 inabeba nyekundu, ya 2 kijani, ya 3 bluu. Bluu ikikatika, nyeupe inakuwa njano. Kijani ikikatika, inakuwa zambarau ya waridi. Nyekundu ikikatika, kila kitu kinakuwa samawati ya kijani. Chomoa plagi, uitazame kwa tochi, mara nyingi pini moja imelala. Inyanyue kwa ncha ya kalamu ya risasi ya kubonyeza iliyotolewa risasi ndani, au koleo nyembamba sana, mara moja tu, kwa sababu ya pili itavunjika. Nafasi ya 9 ikiwa tupu usishtuke, kebo nyingi zimetengenezwa hivyo. Pini za 12 na 15 zikikosekana rangi zinabaki sawa, ila mashini haitambui ekra na inang’ang’ania ukubwa wa nukta 1024 × 768, kila kitu kikionekana kikubwa.

Kuna jambo la hapa kwetu linaloua matundu ya picha. Soketi na multiprizi nyingi hazina waya wa ardhi. Mashini isiyo na ardhi huelea kwa karibu nusu ya volti za ukutani kupitia kichujio cha umeme wake, ndiyo ule mwasho unaouhisi ukigusa chuma cha nyuma. Ukichomeka VGA wakati mashini na ekra zote ziko kwenye umeme, tofauti hiyo inapita kwenye pini. Kwa hiyo kebo ya picha huchomekwa kwanza, za umeme baadaye. Ukosefu huo huo wa ardhi, mashini ikiwa kwenye soketi moja na ekra kwenye nyingine, huleta mikanda hafifu inayopanda polepole kwenye picha. Ziweke kwenye multiprizi moja na nyingi hupona.

Ekra inapepesa kila printa inapoanza

Katika sekretaria yenye printa ya leza na fotokopi, ugonjwa huu hauko kwenye ekra wala kwenye mashini. Roli ya kupasha karatasi ndani ya printa ya leza huvuta mamia ya wati kwa ghafla, na fotokopi huvuka 1000. Stabilizateri (kifaa cha kutuliza volti) ndogo ya 500 VA inayobeba vyote inashuka, rilei yake inalia «tak», na kwa sehemu ya sekunde ekra inakosa umeme. Toa printa na fotokopi kwenye stabilizateri, zipe soketi yake. Stabilizateri ibaki na mashini na ekra peke yake.

Umeme ukikatika, zima kwa swichi kila kitu, na ukirudi hesabu dakika tano kabla ya kuwasha. Volti za dakika za mwanzo zinaweza kupanda kupita kiasi, na ekra iliyozimwa kwa kitufe chake cha mbele tu bado imeshikana na waya, inapokea yote.

Mistari, na ujumbe wa masafa

Mstari wima mwembamba wa rangi moja, unaopita hata juu ya menyu, ni kiungo kilichoachia ukingoni mwa kioo. Ukibonyeza fremu mahali hapo mstari unaweza kutoweka, na ukiachia unarudi. Hautengenezeki kwa vifaa vya kawaida. Nusu nzima ya kioo ikipotea au kuwa nyeupe, fungua na uchomeke upya utepe wa waya unaotoka kwenye ubao wa picha kwenda kwenye kioo.

Ujumbe wa «Hors fréquence» (nje ya masafa) unamaanisha kwamba Windows imetuma picha yenye nukta nyingi au masafa makubwa kuliko ekra inavyoweza. Ekra ya inchi 19 yenye umbo la karibu mraba inataka 1280 × 1024 kwa 60 Hz. Kwa Windows 7, gonga F8 wakati wa kuwasha uchague picha ya ubora mdogo. Kwa Windows 10, katiza uwashaji mara tatu kwa kitufe, ikuletee ukurasa wa ukarabati, nenda kwenye mipangilio ya kuanzisha na ubonyeze 3. Kama giza linakuja ndani ya Windows tu, jaribu kwanza Windows + Ctrl + Maj (Shift) + B, inayoamsha upya dereva ya picha.

Vumbi jekundu na mvua ya kwanza

Kuanzia Mei hadi mwisho wa kiangazi vumbi la udongo wetu huingia kila tundu, na likiwa kavu hudhuru kwa kuziba tu: feni ya kadi ya picha inapunguza mwendo, kadi inapata moto, nukta za rangi zinamwagika kwenye picha. Hatari ya pili inakuja na mvua za Oktoba na Novemba. Vumbi lile lile linanyonya unyevu na kuanza kupitisha umeme mahali pasipotakiwa, na miguu ya bareti na kadi inashika kutu.

Kwa hiyo wakati wa kusafisha ni Septemba. Toa mashini nje, tumia brashi laini kavu na hewa ya pampu kwa umbali wa sentimita 30, huku umeshika feni kwa kidole isizunguke. Kadi ya picha itoe, ondoa feni yake, futa uji mkavu wa kupitisha joto na uweke mpya, kiasi cha punje ya mchele. Spiriti ya 99% hukauka haraka. Ile ya famasi ya 70% ina maji, iache saa kadhaa kabla ya kuwasha. Kioo cha ekra kisiguswe na spiriti kabisa: kitambaa laini kilicholoweshwa maji kidogo na kukamuliwa, kwenye ekra iliyozimwa na kupoa, bila kukandamiza.

Baada ya tiba yoyote kati ya hizi, funga kila kitu na uache mashini iwake saa mbili ikiwa kwenye ukurasa mweupe mtupu. Izime, iache usiku kucha, na asubuhi iwashe ikiwa baridi kabla ya kumrudishia mwenyewe.